Tembo wa Marabi, Ngamia wa Eliezeri

Basili Temba alikuwa katekista wa kigango kidogo cha Wakatoliki kule Old Moshi, na waumini wake walimpenda kwa kila kitu isipokuwa ubishi. Ukimwambia mvua inakuja, aliutazama mlima akasema huo ni ukungu tu. Ukikubali kuwa ni ukungu, alikwenda kuanua kahawa yake isilowe. Mkewe Theopista alishamzoea. Alipotaka majani ya ng'ombe yakatwe, alisema kwa sauti ya upole kwamba leo majani yasikatwe, yamelowa mno, kisha akaendelea na kazi zake. Kabla chungu hakijachemka, Basili alikuwa ameshachukua mundu.

Mwaka 1973, kiangazi cha Februari, makatekista wa vigango vyote waliitwa semina mjini Moshi. Basili alikwenda akiwa na blanketi lake, sahani ya bati, na nia ya kupumzika. Mwalimu wa semina alikuwa Padre Thadeus, kijana mwembamba mwenye miwani, aliyerudi karibuni kutoka masomoni Roma. Alikuwa amesomea jambo ambalo hakuna katekista aliyejua kwamba husomewa: jinsi marabi, yaani walimu wa Kiyahudi wa zamani, walivyoyafafanua Maandiko, na jinsi maneno yao yanavyosaidia kuielewa Injili.

Siku ya kwanza, baada ya ugali wa mchana, makatekista wengi walisinzia. Basili naye alikuwa ameanza kuinamisha kichwa Padre aliposema kwamba wanafunzi wa marabi husoma wawili wawili, mmoja akijenga hoja na mwenzake akiibomoa. Tena hoja iliyobomolewa haikutupwa. Iliwekwa pamoja na ile iliyoshinda, vizazi vijavyo vije viionje.

Basili akanyanyua kichwa, kisha mkono. "Samahani, Padre. Kwa hiyo kwao kubishana ni ibada?"

"Kukiwa na nia njema, ndiyo."

Basili alilisikia lile "ndiyo". "Nia njema" alikuja kuisikia baadaye sana.

Kuanzia hapo hakusinzia tena. Alijifunza kwamba Yesu alizungumza kwa lugha ya nyumbani kwao. Mifano ya wafalme na karamu, marabi nao walikuwa nayo. Tabia ya kujibu swali kwa swali, walikuwa nayo. Hata kuhusu Sabato, yupo rabi aliyesema kwamba Sabato imekabidhiwa watu, si watu waliokabidhiwa Sabato, na Padre alisema neno hilo na lile la Injili ni kama pande mbili za jani moja la mgomba. Basili alikumbuka kwamba kila aliposoma kanisani habari za Mafarisayo, alikuwa akiminya pua na kuwasemea kwa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Tangu Jumapili iliyofuata aliwasoma kwa sauti ya kawaida. Watoto wa mafundisho walisikitika, maana ile ilikuwa sehemu waliyoipenda kuliko zote.

Alirudi nyumbani akiwa mtu mpya, na aliyeonja upya huo kwanza ni Theopista.

"Baba Gidioni, utakula sasa au baadaye?"

"Kwa nini mtu asile sasa?"

"Basi nipakue?"

"Je, chakula kisichopakuliwa huliwa?"

Theopista aliushika mwiko akamtazama. "Na mimi nikuulize. Watu wakishindana kwa maswali, mwenye mwiko ni nani?"

Basili alifikiri kwa makini kama Padre alivyowafundisha, akaona kila jibu linamwacha na njaa. Alikula baadaye, mtori wake wa ndizi ukiwa umepoa.

Kesho yake asubuhi akamwambia, "Mama Gidioni, una unga shavuni."

"Na wewe umevaa suruali nje ndani."

Basili hakuitazama suruali. Alipiga makofi kwa furaha. "Hivyohivyo! Yupo rabi aliyelalamika kwamba katika kizazi chake, ukimwambia mtu atoe kibanzi jichoni, naye anakwambia utoe boriti yako. Na Bwana wetu akasema habari za kibanzi na boriti! Umeona wanavyokaribiana?"

"Nimeona," alisema Theopista. "Sasa igeuze, unakwenda kanisani."

Lakini mke hakutosha. Marabi walisoma wawili wawili, na Basili alitaka mwenzake. Aliwajaribu wazee wa kigango mmoja mmoja, akawasomea Injili na kuwauliza wana lipi la kupinga. Wote walimjibu, "Ndiyo, mwalimu." Alijaribu kuwachokoza kwa kusema jambo la uongo kabisa, kwamba Nuhu alikuwa Mchaga wa Himo. Wakasema, "Ndiyo, mwalimu, Himo ni mbali."

Ikabidi amwendee Eliezeri.

Eliezeri alikuwa fundi mwashi, Mlutheri, mwalimu wa kwaya, na jirani yake Basili ng'ambo ya mfongo. Mfongo ni mfereji wa kunyweshea mashamba, unaotoka mtoni juu mlimani na kupita vihambani, katika mashamba ya migomba ya kila ukoo, na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Kwa sababu ya zamu hiyo, wazee hawa wawili walikuwa hawajasalimiana vizuri tangu kiangazi cha mwaka uliotangulia. Eliezeri alikuwa na sifa moja iliyojulikana hadi Masama kwa wakwe zake: hajawahi kusema "nimekosea". Siku moja alijenga ukuta ukapinda, akamwambia mwenye nyumba kwamba ardhi ndiyo iliyopinda.

Basili alimkuta akichanganya saruji. "Bwana asifiwe, Mzee Eliezeri."

Eliezeri alishtuka kusikia salamu ya Kilutheri ikitoka kwenye kinywa kile. "Asifiwe. Umekuja kwa habari ya maji?"

"Hapana. Nimekuja tusome Maandiko."

"Mimi nimeshabatizwa."

"Sikuja kukubatiza. Natafuta mtu wa kunipinga."

"Kukupinga katika jambo gani?"

"Lolote."

Eliezeri aliweka chini chepe. "Sikubali," alisema.

Moyo wa Basili ukaruka. Huyu ndiye. Akamweleza habari za marabi, na kwamba miongoni mwao alikuwapo mkuu mmoja aliyeitwa Eliezeri, mwenye elimu kama kisima kisichovuja tone, ambaye hata wenzake wote wakisimama upande mmoja, yeye alibaki upande wake.

"Aliitwaje?"

"Eliezeri."

Mwashi akafikiri. "Na alikuwa sahihi?"

"Mara nyingi."

Jumapili iliyofuata, baada ya kila mmoja kutoka kanisani kwake, Eliezeri alivuka mfongo akiwa na Biblia kwapani na kigoda chake mwenyewe, maana hakuamini vigoda vya Wakatoliki.

Walisomea jikoni kwa Theopista, kwa sababu ndiko kulikokuwa na moto na mbege, pombe ya ndizi. Basili hakuwa na kitabu cha marabi. Alikuwa na kichwa chake tu na yale aliyoyakumbuka kutoka semina, na alikuwa hakumbuki vizuri, kwa hiyo mara nyingine walibishana Jumapili mbili juu ya neno ambalo hakuna rabi aliyepata kulisema. Lakini mambo yalinoga hasa walipofika kwenye ngamia.

Injili inasema ni rahisi ngamia kupita tundu la sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu. Basili akasema Padre aliwafundisha kwamba marabi walikuwa na usemi wa namna hiyohiyo, ila wao walimtaja tembo. "Kwa hiyo," alimalizia, "marabi walisema jambo gumu zaidi. Tembo ni mkubwa."

"Sikubali," alisema Eliezeri. "Ngamia ana nundu."

"Nundu ni nini mbele ya tumbo la tembo?"

"Tembo ana mkonga. Ataanza kwa mkonga, ule mwembamba, kama uzi unaolowekwa mate. Akishaingia mkonga, mengine ni kuvuta. Ngamia ataanza kwa kichwa, kichwa kitaingia, shingo itaingia, halafu nundu itakwama, na hapo harudi wala haendi."

Ilikuwa hoja nzuri, na iliuma. "Inategemea sindano," alisema Basili.

Ndiyo maana Jumanne Basili alishuka mjini Moshi hadi dukani kwa Mahendra, Mhindi aliyeuza magunia, turubai na vifaa vya kushonea karibu na soko.

"Karibu, mwalimu," alisema Mahendra. "Nikupe nini?"

"Sindano kubwa kuliko zote."

Mahendra akaleta shazia, ile sindano ya kushonea magunia, ndefu kama kiganja. Basili akaifikisha jichoni, akachungulia mtaani kupitia tundu lake. "Huna yenye tundu kubwa zaidi?"

"Unashona nini, mwalimu?"

"Sishoni. Napitisha."

"Unapitisha nini?"

"Tembo. Mwenzangu anapitisha ngamia."

Mahendra alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ile miaka mingi, na wateja walishaacha kumshangaza. Aliegemea magunia akafikiri. "Mimi nilizaliwa Kachi, kule Gujarati," alisema. "Ngamia tunao, na tembo nimemwona hekaluni. Tembo ukimbembeleza, atajaribu. Ngamia hapiti hata mlango ulio wazi kama mwenyewe hataki."

Basili alirudi kupanda mlima akiwa na shazia mfukoni na huzuni moyoni, maana hoja ya Mahendra ilimsaidia Eliezeri. Angeweza kuificha. Lakini alikuwa katekista, ikambidi aiseme, na Jumapili ile Eliezeri alifurahi mpaka akaimba.

Kelele za siku hiyo zilipita migombani zikamfikia jirani mwingine, Margareta, aliyekuwa akipalilia magimbi. Margareta hakuwa mmbeya. Alikuwa tu na masikio mazuri na hakupenda yakae bure. Alisikia Basili akisema, "Tembo mzima haingii!" Akasikia Eliezeri akijibu, "Tutaanza na mkonga!" Alipochungulia, alimwona Basili ameinua shazia kwenye mwanga, na Eliezeri anaipima kwa kidole.

Jioni, kwenye maji, Margareta alisema tu alichokisikia. Aliyemsikia akaongeza kidogo, na wa baada yake akaongeza kidogo tena. Habari ilipofika kwa Eliufoo, balozi wa nyumba kumi, ilikuwa imeshakomaa: katekista na mwalimu wa kwaya wameua tembo wawili msituni, wanashona pembe ndani ya magunia ya kahawa, na mzigo unakwenda Himo kuvushwa mpaka.

Eliufoo alikuwa mtu wa haki aliyeuchukulia ubalozi wake kwa uzito mkubwa. Alikuja na mgambo wawili, akakataa kukaa.

"Shikamoo, mama," alimwambia Theopista kwanza, kwa adabu, kisha akamgeukia mumewe. "Ndugu Basili, Chama kinataka kujua tembo yuko wapi."

"Tembo yupi? Yule wa marabi?"

Eliufoo akawatazama mgambo. "Marabi ni akina nani? Wanakaa Himo?"

"Hapana, ndugu balozi. Wengi wao wamekufa."

"Mmewaua na wao?"

Theopista alijifunika uso kwa khanga akatoka nje. Mgambo walipekua ghala, wakapekua dari, wakamtoa ng'ombe zizini wakapekua na majani yake. Walichokipata ni shazia, juu ya kabati, pembeni mwa picha ya Moyo Mtakatifu.

"Hii ni ya kushonea nini?" aliuliza Eliufoo.

"Si ya kushonea. Ni ya kupitishia tembo. Ila Mzee Eliezeri anasema ngamia ndiye atakayekwama, kwa sababu ya nundu."

Balozi alikaa sasa, bila kukaribishwa. Alisema jambo hili limeuzidi ubalozi wake, litakwenda baraza la kijiji Jumamosi, na kama yupo mtu anayejua hao marabi, aletwe.

Basili alituma neno mjini, na Jumamosi Padre Thadeus alipanda na pikipiki, kanzu ameifunga kiunoni, miwani imejaa vumbi. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani pa shule, kando ya mfongo. Wengine walikuja kwa ajili ya haki, lakini wengi walikuja kuona pembe.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisalimu Padre, na upande mmoja ukajibu, "Milele amina." Akasema, "Bwana asifiwe," na upande wa pili ukajibu. Halafu akawaeleza polepole. Hakuna tembo aliyekufa. Hawa wazee wawili wanajifunza. Marabi walipotaka kusema jambo ambalo mtu haoti hata ndotoni, walisema ni kama tembo kupita tundu la sindano. Yesu, aliyekulia kati ya watu hao, alipotaka kuwaeleza matajiri jambo lisilowezekana kwa nguvu za mtu, alimtaja ngamia. "Ni usemi wa ukoo mmoja," alisema. "Ukisikia mjomba na mpwa wanasema methali moja kwa namna mbili, utajua walikula chungu kimoja."

Watu wakacheka, wakamtazama Eliufoo, na Eliufoo akatazama viatu vyake. Padre aliona aibu ile akasema haraka kwamba balozi amefanya vizuri kuuliza, maana tembo ni mali ya taifa. Shauri lingekwisha hapo. Lakini Margareta alinyanyua mkono.

"Padre, samahani. Kwa hiyo atakayepata kazi zaidi kupita ni yupi?"

Padre alifungua mdomo kusema kwamba swali hilo si la maana. Alichelewa. Uwanja ulikuwa umegawanyika. Huku nundu, kule tumbo, na bibi mmoja aliyetaka kujua kama sindano yenyewe imelala au imesimama.

"Tulieni, niwaambie jinsi marabi walivyoamua mambo," alisema Padre, na baadaye alikiri kwamba hapo ndipo alipoharibu. Akawasimulia habari ya yule Rabi Eliezeri wa zamani. Siku moja alibishana na wenzake wote juu ya tanuri, kama ni safi au si safi. Alipoona hawamkubali, alisema mti huu na uthibitishe, na mti ukang'oka ukasogea. Wenzake wakasema mti si ushahidi. Akasema mfereji huu na uthibitishe, na maji yakarudi nyuma.

Eliezeri mwashi alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, amekunja mikono. Sasa alisimama.

"Maji yalirudi nyuma?" aliuliza.

"Ndivyo ilivyosimuliwa."

Eliezeri akageuka, akaunyooshea mfongo kidole. "Basi kama ngamia ndiye atakayekwama, mfongo huu na uthibitishe."

Watu wote wakageuka. Mfongo ulikuwa unateremka kama kawaida yake. Ukaendelea kuteremka. Mtu mmoja akaanza kucheka. Ndipo maji yakatulia, yakavimba, yakaanza kurudi yalikotoka polepole, yakiwa yamebeba majani makavu na kandambili moja, kisha yakapanda kingo na kumwagika uwanjani miguuni pa baraza.

Walionyanyua miguu walinyanyua, waliosali walisali. Mgambo mmoja alivua kofia. Ilipita muda kabla ya mtu kwenda kuangalia chini kidogo, pale mfongo unapopita katika bomba chini ya njia ya shule, akakuta shina la mgomba limekwama ndani kama kizibo cha chupa. Lilikuwa limeelea kutoka kwa watu wa juu, waliokuwa wakisafisha kihamba chao.

"Ni mgomba tu," alisema Basili.

"Sikuuliza ni nini," alisema Eliezeri. "Nimeuliza maji yamekwenda wapi."

Padre Thadeus alikuwa ameegemea pikipiki yake, anacheka mpaka miwani imemtoka. Basili akapanda juu ya kigoda, maana hapo chini palikuwa na tope. "Ndugu wanakijiji," alisema, "mfongo si mkazi wa kijiji hiki. Haukuhudhuria mkutano uliopita. Hauna sauti."

Eliufoo alimgeukia Padre. "Na hao marabi? Waliamuaje?"

"Walimwambia Eliezeri hivyohivyo. Hata sauti ilipotoka mbinguni kumtetea, walisema neno halipo tena mbinguni, limeshateremshwa, limo mikononi mwa watu. Wengi wakaamua. Na inasimuliwa kwamba Mungu alicheka, akasema, wanangu wamenishinda."

"Wengi wakaamua," alirudia Eliufoo, na uso wake ukarudi kuwa wa balozi. "Hao walikuwa na siasa safi. Wanaosema tembo, wanyooshe mikono."

Tembo alishinda kwa mbali. Watu waliujua mwili wake, maana alishawahi kushuka kutoka msituni akala mahindi yao. Ngamia walimjua katika igizo la Krismasi peke yake, ambako alikuwa watoto wawili chini ya blanketi, na kila mwaka alipita mlango wa kanisa bila shida yoyote. Eliezeri alinyoosha mkono wake kwa ajili ya ngamia, akatazama kushoto na kulia, akauteremsha. Kisha alichukua kigoda chake akaenda zake.

Basili alikuwa bado anapongezwa Padre alipomvuta pembeni, karibu na pikipiki. "Sikumaliza ile hadithi," alimwambia. "Baada ya kumshinda kwa kura, wenzake walimtenga Eliezeri. Alizeeka peke yake na elimu yake yote. Walimwendea siku ya kufa kwake, wakakaa mbali kidogo, wakaanza kumuuliza maswali, na walilia kwa ajili ya yale ambayo hawakuwahi kumuuliza. Mwige rabi unayemtaka, mwalimu, lakini sehemu hiyo usiiige."

Jumapili Eliezeri hakuja. Basili aliweka mbege, akaweka Biblia, akatoka mara kwa mara kutazama mfongo. Jumapili ya pili hakuja pia. Basili alijaribu kubishana peke yake, akashinda pande zote mbili, na haikuwa na ladha. Akamjaribu Theopista.

"Mama Gidioni, mimi naona Yona alifanya vizuri kukimbia."

"Alifanya vizuri," alisema Theopista, akiendelea kumenya ndizi.

"Lakini pia alifanya vibaya."

"Vibaya sana."

"Hunipingi?"

"Nakupinga kwa lipi, mume wangu? Unasema kweli tupu." Alitupa ganda. "Isale liko pale nyuma ya nyumba. Unalijua lilipo."

Isale ni mmea ambao Wachaga huupanda mipakani, na jani lake ndilo hubebwa na mtu anayekwenda kuomba radhi. Anayepelekewa jani hilo hawezi kukataa, hata awe na hasira kiasi gani. Basili alilichuma, akalifunga fundo kama inavyopasa, akavuka mfongo.

Eliezeri alikuwa amekaa mlangoni bila kazi yoyote mikononi. Alilitazama jani, akamtazama mwenye jani.

"Maji yalirudi nyuma," alisema. "Kijiji kizima kiliona. Na bado mlinikataa."

"Yalirudi," alisema Basili. "Nilisimama palepale, viatu vililowa. Nimekuja kuomba radhi."

Eliezeri alipokea isale, kwa sababu halikataliwi. Alilizungusha mikononi muda mrefu. Halafu uso wake ukaanza kubadilika, na Basili, aliyemjua, akaona kinachokuja, akavuta gogo akakaa.

"Unaomba radhi kwa kosa gani hasa?" aliuliza Eliezeri. "Maana ulishinda kwa kura. Aliyeshinda kwa kura halali hana kosa. Na kama huna kosa, isale hili ni batili, nami sijalipokea."

"Sikubali," alisema Basili. "Isale haliulizi kosa. Linauliza moyo."

"Imeandikwa wapi?"

Walibishana hapo mpaka ng'ombe wakaanza kulia njaa katika nyumba zote mbili.

Miaka ikapita. Kahawa ilipanda bei na kushuka, TANU ikawa CCM, na wazee wale waliendelea kukaa jikoni kila Jumapili. Watu walimwita Basili "Rabi", mwanzoni kwa dhihaka, kisha kwa mazoea, hata barua za kigango zikaja na jina hilo. Padre Thadeus alikuwa akipanda kuwatembelea, na kila mara aliondoka na kichwa kinachomuuma na mkungu wa ndizi.

Mwaka 1981 Gidioni, mwana wa Basili, aliyekuwa karani mjini, alisema anataka kumwoa Elinipendo, binti wa Eliezeri, aliyekuwa muuguzi. Wazazi wote walifurahi. Lilibaki neno dogo tu, kwamba ndoa ifungwe kwa Wakatoliki au kwa Walutheri, na wazee wawili wakasema waachiwe walichunguze. Walianza baada ya Pasaka. Walimpitia Ibrahimu na wake zake, wakampitia Yakobo na wake zake, wakakaa kwa Ruthu mwezi mzima. Kahawa ikaiva, ikachumwa, ikakauka. Elinipendo aliuliza kwa heshima wamefika wapi, akaambiwa wanakaribia Daudi.

"Baba, Daudi alikuwa na wake wengi," alisema.

"Ndiyo maana tunakwenda polepole," alijibu Eliezeri.

Ijumaa moja ya Septemba, Theopista na mama yake Elinipendo walivaa vitenge vipya, wakasema wanakwenda sokoni Moshi. Waliporudi alasiri, wazee walikuwa jikoni, vidole viko juu ya mstari mmoja wa Biblia mbili. Nyuma ya akina mama waliingia Gidioni akiwa na suti na Elinipendo akiwa na ua kichwani.

"Tumetoka bomani," alisema Theopista. "Mkuu wa wilaya amewafungisha. Mashahidi tulikuwa sisi wawili. Padre atawabariki Jumamosi asubuhi na mchungaji atawabariki mchana, wote wawili wamekubali, na hakuna aliyeuliza swali."

Basili alimtazama Eliezeri, na Eliezeri akamtazama Basili. Elinipendo alipiga goti mbele yao. "Shikamoo, baba," alimwambia Basili.

"Marahaba, mwanangu," alisema Basili.

Eliezeri alifunga Biblia yake, akavua kofia, akampisha binti yake kigoda. Theopista alianza kupakua kiburu cha ndizi na maharage, akimpa bibi harusi kwanza.